Namna ya Kuwasilisha Maoni Mbele ya Kamati ya Uchukuzi ya Bunge la Jimbo Nchini Marekani

Mkaazi wa Marekani anayekerwa na ubovu wa daraja, na masharti ya leseni au na ada ya kusajili gari, mara nyingi huelekeza macho kwa serikali kuu mjini Washington, D.C., ilhali mambo hayo huamuliwa karibu naye zaidi, katika bunge la jimbo analoishi. Bunge hilo ndilo linaloweka masharti ya kupata leseni ya udereva, mwendo wa juu unaoruhusiwa katika barabara kuu, adhabu ya kulipita basi la shule lililosimama kushusha watoto, na kodi ya mafuta inayotozwa na jimbo juu ya ile ya serikali kuu. Ndani ya bunge hilo, uchambuzi wa mambo hayo hufanywa na kamati ya uchukuzi, ambayo vikao vyake vya kusikiliza maoni viko wazi kwa kila mtu.

Muswada ukiwa bado mikononi mwa kamati unaweza kubadilishwa kifungu kimoja, tarehe moja, hata neno moja. Ukishafika mbele ya bunge zima, vyama huwa vimeshachukua misimamo yao na wanaoweza kushawishika ni wachache. Kwa sababu hiyo ninasisitiza jambo moja kuliko mengine yote katika mwongozo huu: nenda kwenye kamati ukijua ni kifungu gani unataka kibadilishwe, na kisomeke vipi kikishabadilishwa. Mwananchi aliyejiandaa hivyo husikilizwa kwa makini hata kama hana chama nyuma yake wala fedha za kumlipa mshawishi wa bungeni.

Hakikisha kwanza kwamba jambo lako liko mikononi mwa jimbo

Barabara nyingi za mitaa ni mali ya mji au kaunti, na kamati ya bunge haina uwezo wa kumwagiza fundi aende kuchora upya kivuko kilichofutika mbele ya shule. Uwezo wake ni wa kutunga sheria, kwa mfano sheria inayoiruhusu miji kupunguza mwendo wa magari bila kuomba kibali cha idara ya uchukuzi ya jimbo. Ukitaka mradi fulani ujengwe, angalia mpango wa miradi ya uchukuzi wa jimbo, ambao kwa sheria ya serikali kuu lazima uoneshe miradi ya angalau miaka minne. Ukiishi katika eneo la mjini lenye watu zaidi ya 50,000, ipo pia mamlaka ya mipango ya uchukuzi ya eneo hilo, nayo hupokea maoni ya wananchi.

Upo pia mpaka wa juu, ambao serikali kuu huuweka kwa sheria zake na kwa fedha zake. Mwaka 1984 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kulinyima sehemu ya fedha za barabara kuu jimbo lolote litakaloruhusu vijana wa chini ya miaka 21 kununua pombe, na mwaka 1987 Mahakama ya Juu iliithibitisha sheria hiyo katika kesi iliyofunguliwa na jimbo la South Dakota. Wajumbe wa kamati wanaposema kwamba mikono yao imefungwa, mara nyingi ni masharti ya namna hiyo wanayoyazungumzia, na huwa wanasema kweli.

Hata hivyo, uwanja uliobaki kwa majimbo ni mpana. New York ilikuwa jimbo la kwanza kuwalazimisha watu kufunga mkanda garini, mwaka 1984, wakati New Hampshire hadi sasa haina sheria hiyo kwa watu wazima. Utah ilishusha kiwango cha pombe kinachoruhusiwa katika damu ya dereva hadi asilimia 0.05 kuanzia mwisho wa mwaka 2018, huku majimbo mengine yakifuata 0.08. Tofauti hizi hutokana na maamuzi ya mabunge yenyewe, na miswada ya aina hiyo huanza kupimwa katika kamati kama hii.

Ijue kamati yako na kalenda yake

Majimbo 49 yana mabunge yenye mabaraza mawili, Baraza la Wawakilishi (ambalo majimbo machache huliita kwa jina jingine) na Seneti. Nebraska peke yake ina baraza moja, lenye maseneta 49, na kamati yake inashughulikia uchukuzi pamoja na mawasiliano ya simu. California ina kamati ya uchukuzi katika kila baraza, kwa hiyo muswada uliosikilizwa upande mmoja utasikilizwa tena upande wa pili, nawe utapata nafasi mbili za kuzungumza. Massachusetts, Maine na Connecticut hutumia kamati za pamoja zinazokutanisha wajumbe wa mabaraza yote mawili. Huko nafasi ya kusikilizwa aghalabu huja mara moja tu, na asiyefuatilia ratiba huikosa.

Kalenda hutofautiana vivyo hivyo. Bunge la Texas hukutana kila mwaka wenye tarakimu witiri, kwa muda usiozidi siku 140. Muswada ukikosa nafasi mwaka huo, itabidi usubiri miaka miwili isipokuwa gavana aitishe kikao maalumu na kuliweka jambo hilo katika ajenda yake. Bunge la jimbo la Washington hukutana kila mwaka, siku 105 katika mwaka witiri na siku 60 katika mwaka shufwa, na ndani ya siku hizo kuna tarehe za mwisho ambazo muswada usiotoka katika kamati huhesabiwa kuwa umekwama. Ziandike tarehe hizo mapema, kwa sababu barua nzuri iliyofika siku moja baada ya kura haina kazi.

Kisha uliza kama mwenyekiti analazimika kuusikiliza kila muswada. Nebraska na New Hampshire hufanya hivyo kwa desturi na kanuni zao, na Colorado hairuhusu muswada uzikwe kimyakimya ndani ya kamati. Katika majimbo mengi, lakini, mwenyekiti ndiye anayepanga ratiba, na muswada usiopangiwa siku hufa bila hata kura moja kupigwa. Ukiwa katika jimbo la namna hiyo, kazi yako ya kwanza ni kumwandikia mwenyekiti ukimwomba aupangie muswada siku ya kusikilizwa, na kumwomba mbunge wa wilaya yako ya uchaguzi amwambie jambo hilohilo. Mbunge wako anaweza kukusaidia hata kama yeye mwenyewe si mjumbe wa kamati.

Usome muswada wenyewe

Muhtasari wa gazeti hautoshi, na ujumbe unaosambazwa kwenye makundi ya simu hautoshi kabisa. Tovuti ya bunge la jimbo huweka muswada wote, hatua uliyofikia na kila toleo lililorekebishwa. Katika majimbo mengi maneno mapya hupigiwa mstari chini na maneno yanayoondolewa hukatwa kwa mstari katikati, na yale yasiyo na alama ni sheria ambayo tayari ipo.

Nitumie mfano mmoja hadi mwisho. Tuseme jimbo lako lina muswada unaohusu lugha za mtihani wa nadharia wa leseni ya udereva. Lugha zinazotolewa katika mtihani huo hutofautiana jimbo hadi jimbo, na kwa familia iliyofika karibuni, inayoishi mbali na njia ya basi, leseni ni kazi, ni shule, ni miadi ya daktari. Unaufungua muswada na kukuta kwamba idara ya leseni "inaweza" kuongeza lugha tano "kadiri fedha zitakavyopatikana". Maneno hayo mawili yanabeba uzito wa muswada wote. Idara iliyopewa ruhusa tu inaweza kukaa miaka kumi bila kutafsiri ukurasa mmoja, na bado ikawa imetii sheria. Ombi lako basi liko hapo: kifungu kisomeke kwamba idara itaongeza lugha hizo kabla ya tarehe fulani.

Soma pia tafsiri ya istilahi mwanzoni mwa muswada, na tarehe ya kuanza kutumika iliyo karibu na mwisho. Katika mfano wetu, angalia ni leseni za aina gani zinazotajwa. Kanuni ya serikali kuu inawataka madereva wa magari ya kibiashara yanayovuka mipaka ya majimbo waweze kusoma na kuzungumza Kiingereza cha kutosha kuelewana na watu, kufahamu alama za barabarani na kujibu maofisa. Kamati ya jimbo haiwezi kuifuta kanuni hiyo. Ukisimama kuomba malori yaingizwe katika muswada, utajibiwa kwa sentensi moja na dakika zako zitakuwa zimekwisha. Ukibaki kwenye leseni ya gari la kawaida, uko ndani ya uwezo wao.

Jua fedha zinatoka wapi

Muswada unaogharimu fedha huambatana na taarifa ya gharama inayoandaliwa na watumishi wa bunge au wa serikali. Isome, kwa sababu wajumbe wameisoma, na kwa sababu muswada ukipita kamati ya uchukuzi huenda ukapelekwa tena kwenye kamati ya matumizi. Huko California kamati za matumizi huiweka kando miswada yenye gharama kubwa na kuitolea uamuzi mingi kwa pamoja, siku moja, bila kusikiliza ushuhuda mpya. Miswada mizuri mingi imeishia hapo, na ni jambo la kusikitisha kuona kazi ya miezi ikifungwa kwa neno moja la mwenyekiti.

Fedha za uchukuzi zina minyororo ambayo mgeni haioni. Kodi ya mafuta ya serikali kuu imebaki senti 18.4 kwa galoni ya petroli tangu mwaka 1993, na kodi ya Texas imebaki senti 20 tangu mwaka 1991. Katiba ya Texas huelekeza robo ya mapato hayo kwenye mfuko wa shule na sehemu iliyobaki kwenye barabara za umma. Katiba ya jimbo la Washington, kwa marekebisho ya mwaka 1944, inazifunga fedha za kodi ya mafuta katika matumizi ya barabara kuu, na humo inahesabu hata vivuko vya feri. Mtu akiomba kodi hiyo inunue mabasi, mwenyekiti atamwonesha katiba. Afadhali ujue mapema ni mfuko gani wa jimbo unaoruhusiwa kulipia unachokiomba, uutaje kwa jina lake.

Minyororo hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini kamati nyingi leo zinashughulishwa na magari ya umeme. Oregon, iliyokuwa jimbo la kwanza kutoza kodi ya mafuta, senti moja kwa galoni mwaka 1919, ilianza mwaka 2015 kuwatoza madereva waliojitolea kulingana na maili wanazoendesha. Texas kuanzia mwaka 2023 inatoza dola 200 kila mwaka kwa kuhuisha usajili wa gari la umeme. Kupandisha kodi yenyewe kunawezekana, ila ni vita: California iliongeza senti 12 kwa galoni mwaka 2017, wapinzani wakaipeleka kwenye kura ya wananchi mwaka 2018, na wananchi wakakataa kuifuta.

Andaa maneno ya dakika mbili

Muda wa mzungumzaji mmoja mara nyingi ni dakika mbili au tatu, na siku yenye watu wengi mwenyekiti anaweza kuupunguza hadi dakika moja. Andika maneno yako, yasome kwa sauti ukiwa na saa, kisha ondoa theluthi. Anza kwa kumwita mwenyekiti na wajumbe kwa vyeo vyao, taja jina lako, mji unaoishi, namba ya muswada, na kama unaunga mkono au unapinga. Baada ya hapo eleza jambo moja tu unalolijua kwa macho yako, na umalize kwa ombi. Kwa mfano wetu, maneno yanaweza kwenda hivi:

"Mheshimiwa Mwenyekiti na waheshimiwa wajumbe, ninaunga mkono muswada huu. Mama yangu aliendesha gari kwa miaka mingi kabla ya kuja Marekani. Anazijua alama za barabarani, lakini ameshindwa mtihani wa nadharia mara tatu kwa sababu ya urefu wa maswali katika lugha anayoanza kujifunza, na kwa hiyo mimi huacha kazi kila wiki ili kumpeleka kliniki. Kifungu cha pili kinasema idara inaweza kuongeza lugha. Naomba kisomeke kwamba idara itaongeza lugha hizo ndani ya mwaka mmoja, na alama za barabarani ziendelee kutahiniwa kama zilivyo."

Sentensi ya mwisho imewekwa kwa makusudi. Pingamizi ambalo lazima litatolewa ni kwamba alama za barabarani ziko kwa Kiingereza, na mzungumzaji amelijibu kabla halijaulizwa. Tafuta pingamizi zito kuliko yote dhidi ya ombi lako, ulijibu wewe mwenyewe kwa heshima. Wajumbe hawasahau mtu aliyewaondolea shaka.

Usiseme takwimu usiyoweza kuonesha ilikotoka. Kumbuka pia kwamba maneno yako na barua yako vitaingia katika kumbukumbu za umma, na mara nyingi video yake itabaki kwenye intaneti. Marekebisho ya kwanza ya Katiba ya Marekani yanalinda haki ya watu kupeleka malalamiko yao kwa serikali bila kutaja uraia kuwa sharti, kwa hiyo asiye raia anaweza kuzungumza. Lakini huna wajibu wa kutangaza hali yako ya uhamiaji, anwani ya nyumbani au namba ya gari lako, na ninakusihi usifanye hivyo, hata ukiona wengine wanafanya. Mtu anayelipwa ili kuwashawishi wabunge yuko chini ya sheria za usajili za jimbo. Azisome kabla ya kuzungumza.

Siku ya kikao

Kila bunge lina njia yake ya kujiandikisha. Katika jimbo la Washington unaweza kujiandikisha kwenye intaneti hadi saa moja kabla ya kikao kuanza, ukazungumza kwa video ukiwa nyumbani au ukaandikisha tu msimamo wako bila kuzungumza. Katika Texas utaulizwa kama unaunga mkono muswada, unaupinga, au umekuja kutoa maelezo bila kuchukua upande. California kwa kawaida huruhusu mashahidi wakuu wawili kwa kila upande, na wengine wote husogea kwenye kipaza sauti kutaja jina, taasisi na msimamo, basi. Usipokuwa miongoni mwa mashahidi wakuu, barua iliyotumwa kabla ya tarehe ya mwisho ina uzito zaidi kuliko safari yako, kwa sababu watumishi wa kamati huitumia kuandaa uchambuzi wa muswada.

Ukihitaji mkalimani, piga simu ofisi ya kamati mara tu siku ya kikao inapotangazwa. Uliza kama mkalimani atatolewa na bunge au utamleta mwenyewe, na kama muda wa kutafsiri utahesabiwa ndani ya dakika zako.

Fika mapema ukiwa tayari kusubiri saa nyingi, kwa sababu mpangilio wa miswada hubadilika. Mara nyingi aliyeuleta muswada huzungumza kwanza, wakifuatiwa na maofisa wa idara na wawakilishi wa vyama, kisha wananchi. Utaona wajumbe wakiingia na kutoka, kwa kuwa wengi wao ni wajumbe wa kamati nyingine zinazokaa saa hiyohiyo. Usivunjike moyo, bali acha nakala za maneno yako kwa karani ili waliokosekana wayapate. Ukiulizwa swali, jibu kwa ufupi kupitia kwa mwenyekiti. Usipojua, sema kwamba utaleta jibu kwa maandishi, na ulilete kesho yake. Usimjibu kwa ukali shahidi wa upande wa pili, hata akikukwaza.

Baada ya kikao

Kura mara nyingi haipigwi siku hiyo. Kati ya kusikiliza maoni na kupiga kura zipo siku kadhaa ambazo marekebisho huandikwa, na hapo ndipo mtumishi wa kamati anapokuwa mtu muhimu kwako. Mwandikie siku hiyohiyo, umtumie maneno kamili ya marekebisho unayoyaomba, kwa namba ya kifungu na mstari, na umtaje mjumbe yeyote aliyeonesha kuyapenda. Marekebisho lazima yatolewe na mjumbe. Kwa hiyo mwombe mjumbe mmoja ayabebe, badala ya kuwatumia wote barua moja.

Muswada ukitoka, fuatilia kila toleo jipya. Katiba ya California inataka muswada uwe umewekwa wazi kwa saa 72 kabla ya kura ya mwisho, na saa hizo ni za kusoma upya kifungu chako kuona kama bado kiko. Kisha kuna gavana. Huko Massachusetts, muswada wa kuwapa leseni wakaazi bila kujali hali yao ya uhamiaji ulipingwa na gavana mwaka 2022. Bunge liliupitisha tena kwa theluthi mbili, wananchi wakaithibitisha sheria hiyo kwa kura mwezi Novemba, na ikaanza kutumika Julai 1, 2023. Minnesota ilipitisha sheria inayofanana nayo mwaka 2023. Watu waliozipigania sheria hizo walirudi mbele ya kamati mwaka baada ya mwaka.

Muswada wako ukikwama, tumia miezi ambayo bunge halikai. Wakati huo wabunge wako katika wilaya zao, wana muda wa kukutana nawe, na baadhi ya kamati hufanya uchunguzi wa mambo yatakayoletwa kikao kijacho. Muswada ukipita na kuwa sheria, idara ya leseni itaandika kanuni za utekelezaji na kutangaza muda wa kupokea maoni. Jiandikishe kupata tangazo hilo, peleka tena ombi lako kwa maandishi, na tarehe iliyowekwa na sheria ikifika bila lugha mpya kuonekana kwenye mtihani, mwandikie mwenyekiti wa kamati ukimwomba aiite idara ije kueleza.